Mwombaji Ambaye Hakuandikwa

Kadi za maswali zilikuwa mia mbili na kumi, na kila moja Arlys Tervo aliifunika kwa plastiki kwenye mashine ya ofisini, kwa sababu kadi za kwanza, za karatasi tupu, zililoa na kukunjamana Jumamosi moja tu ndani ya sauna yake, chumba cha mbao cha kuogea mvuke. Watu wengine husomea mezani. Arlys alijaribu meza mara mbili, na mara mbili akafeli.

Basi Jumamosi hiyo alasiri, theluji ikiwa imepanda hadi kwenye kioo cha dirisha, alikaa kwenye ubao wa juu, jasho likimchuruzika, huku rafiki yake Rosella Beaudoin, aliyechagua ubao wa chini ambako joto lina huruma kidogo, akimsomea kadi kwa sauti ileile anayotangazia namba za bingo kanisani.

"Kumi na mbili! Mwombaji ameleta maombi yake Alhamisi. Makadirio ya gharama apelekewe ndani ya siku ngapi za kazi?"

"Tatu."

"Jumamosi inahesabiwa?"

"Inategemea. Kama ofisi yenu hufunguliwa Jumamosi, inahesabiwa. Lakini mtu akitaka kughairi mkopo aliokwisha kuutia saini, Jumamosi inahesabiwa hata kama ofisi imefungwa na wenyewe wamekwenda kuvua samaki."

Rosella aligeuza kadi, akasoma jibu, akaguna. "Sawa. Lakini nani alitunga haya, mwenzangu? Mtu aliyekimbiwa na mke?"

"Soma nyingine."

"Nasoma. Usinifokee, mimi si mwanafunzi wako. Mimi ndiye mwalimu humu."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakisoma tangu Januari, na Arlys alikuwa na sababu ya kusoma hata akiwa kwenye mvuke. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameandaa mafaili katika ofisi ya mikopo ya nyumba ya Wendell Kemppainen, chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la risasi na chambo. Wendell ndiye aliyekuwa na leseni ya afisa mikopo. Yeye ndiye aliyepokea maombi, akaketi na wateja, akatia saini. Arlys alikusanya hati, akapiga simu, akawakumbusha watu kuleta stakabadhi zao za mshahara. Sasa Wendell alikuwa amefika miaka sabini, nyonga zake zimechoka na baridi, na nyumba yake ya Arizona ilikuwa tayari imewekwa mapazia. Machi thelathini na moja angeondoka. Kampuni iliyomiliki ofisi ilikuwa imeleta barua fupi: kama Aprili mosi hakutakuwa na mtu mwenye leseni kwenye kiti kile, mlango ufungwe. Mtu wa mji huo wa Pelkola akitaka mkopo baada ya hapo, aendeshe gari saa moja na nusu wakati wa kiangazi, na wakati wa theluji aombe Mungu.

Mara ya kwanza Arlys alipata asilimia sitini na nane. Mara ya pili sabini na tatu. Kufaulu ni sabini na tano. Kila ukifeli unasubiri siku thelathini, lakini ukifeli mara ya tatu unasubiri miezi sita, na hakuna ambaye angemsubiri miezi sita. Mtihani wa tatu ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Kilichomchoma zaidi si alama zenyewe bali mahali alipoangukia. Siku alipoleta matokeo ya pili, Wendell alivaa miwani, akayasoma kwa utaratibu kama asomavyo hati ya shamba, kisha akamtazama juu ya miwani.

"Ajabu hii, Arlys. Hesabu umezimaliza. Riba, makato, bima, hukukosea hata moja. Unaangukia kwenye mambo ya watu."

"Mimi? Mambo ya watu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Sheria zinazomlinda mwombaji. Maadili."

Arlys alikasirika hadi masikio yakawaka. Hapakuwa na mtu katika wilaya nzima aliyewajua watu kama yeye. Alijua nani kaachika, nani kaacha pombe na nani kaanza, nani anamficha mkewe barua ya kiwanda ya kuachishwa kazi. Akiona gari tu nje ya ofisi alijua faili litakuwa na unene gani.

"Shida yako," alisema Wendell, "unajibu kama Arlys. Mtihani haumjui Arlys. Jibu kama kitabu."

"Kitabu hakijawahi kuishi Pelkola."

"Ndiyo maana kinafaulu," alisema mzee, akarudi kwenye kahawa yake.

Mle ndani ya sauna, Rosella alichota maji kwa kata akayamwagia mawe ya moto. Mvuke ukapanda ukifoka. Wote wawili wakainamisha vichwa mpaka ukali wake ukapita, kisha Rosella akafuta kadi kwa kiganja.

"Arobaini na saba! Mwanamke anafika ofisini kuulizia mkopo wa nyumba. Anaeleza kwamba kipato chake ni msaada wa serikali na matunzo ya watoto. Mfanyakazi wa ofisi, akijua kwamba huenda maombi yake yasikubaliwe, anamshauri kwa upole asijaze fomu, angoje mpaka apate kazi. Je, mfanyakazi huyo, a, ametoa ushauri wa kweli. Be, ametumia busara. Che, amevunja sheria. De, alipaswa kumpeleka kwa ofisi nyingine?"

"A," alisema Arlys bila kufikiri.

"Siyo."

"Basi be."

"Wee, hapa hubahatishi namba za bingo. Ni che. Amevunja sheria. Kumkatisha mtu tamaa asiombe, kwa sababu kipato chake ni cha msaada, ni sawa na kumnyima."

"Hilo swali nalichukia! Limekuja mara zote mbili, kila mara limevaa nguo nyingine. Wanataka nini? Unamwona mtu anakwenda kugonga ukuta, umwache agonge? Umchukulie hati zake zote, umpekue mpaka mfukoni, halafu baada ya mwezi umpelekee barua ya kukataliwa, wakati ulijua tangu alipokanyaga mlangoni? Mimi nasema ukweli mapema. Ni huruma. Kitabu kinaita uvunjaji wa sheria, mimi naita huruma."

Alingoja Rosella amtanie. Rosella aliinamisha kichwa. Alikuwa ameishika ile kadi magotini kwa mikono miwili, anaitazama kana kwamba imeandikwa kwa maandishi madogo zaidi ya mengine.

"Ndivyo ulivyoniambia," alisema hatimaye.

"Nilikuambia nini?"

"Novemba, wiki ya kuwinda paa. Wendell alikuwa porini na wanaume wote. Nilikuja kuulizia ile nyumba ya manjano ya Mtaa wa Tatu. Simone alikuwa na miaka minne, Luc miwili. Nilivaa koti la dada yangu ili nionekane mtu. Ukanipa kahawa, ukanishika mkono, ukasema, 'Usijisumbue, mpenzi. Subiri watoto wakue.'"

Arlys alikumbuka. Jambo baya ni kwamba alikumbuka kwa raha: jinsi yule mwanamke mgeni alivyokuwa amekonda, jinsi alivyomhurumia, jinsi kesho yake alivyompelekea nisu, mkate wa iliki aliouoka mwenyewe, na jinsi mkate ule ulivyozaa urafiki wa miaka kumi na tisa. Siku zote aliihesabu siku ile kuwa mojawapo ya siku zake njema.

"Nilitaka usiaibike," alisema.

"Najua ulichotaka." Sauti ya bingo ilikuwa imekwisha, ilibaki sauti ya mtu tu. "Mimi nilidhani ni sheria. Miaka yote hii nilidhani kuna sheria inayosema mtu kama mimi haombi. Sikwenda kuuliza kwingine. Ningeulizaje, wakati aliyeniambia ni wewe?"

Mawe yalikuwa yakilia polepole. Nje theluji ilidondoka kutoka paani, kishindo kizito, na hakuna aliyeshtuka.

"Kwa hiyo fomu ningeweza kuijaza."

"Ndiyo."

"Na ule msaada ungehesabiwa."

"Ndiyo. Ilikuwa lazima uhesabiwe."

"Na ningepata?"

Arlys alitaka sana kusema hapana. Hapana ingewaokoa wote wawili. Alizirudia hesabu kichwani kwa ustadi uleule uliomfanya afaulu hesabu, lakini namba hazikuwepo za kupiga. Hakuuliza kiasi cha matunzo. Hakuuliza alikuwa ameweka akiba kiasi gani. Katika ofisi ambayo kila karatasi ya miaka ishirini na miwili ilikuwa mahali pake, Rosella Beaudoin hakuwa na hata mstari mmoja.

"Sijui," alisema. "Hakuna ajuaye. Hakuna kilichoandikwa."

Rosella alizipanga kadi vizuri, pembe kwa pembe, akaziweka kwenye ubao. Alivaa akiwa bado na maji mwilini, akavuta kofia juu ya nywele mbichi, akatoka. Arlys alisikia gari likikataa kuwaka, kisha likawaka.

Jumamosi iliyofuata sauna iliwashwa kama kawaida, na Arlys akaketi humo peke yake mpaka kuni zikaisha. Jumapili, kwenye bingo, Rosella alitangaza namba bila kutazama meza yake. Siku ya Jumanne Arlys alipanda ngazi za nyuma ya duka la vyuma, hadi kwenye vyumba viwili ambavyo rafiki yake alivipanga tangu watoto wakiwa wadogo, na ambavyo yeye mwenyewe alikuwa ameshavisifu mara mia kwa kuwa na joto. Alikuwa na maneno mengi. Mlango ulipofunguliwa yakabaki mawili.

"Nilikosea, Rosella."

"Ndiyo," alisema Rosella. Alikuwa amevaa sare yake ya upishi wa shule. Alifikiri kidogo, akaongeza, "Watoto walikulia humu. Hawakuharibika. Lakini ningependa kujua," na akafunga mlango bila kuubamiza, jambo ambalo Arlys aliliona gumu kuliko kubamizwa.

Alisoma peke yake basi. Alizisoma kadi jikoni, Gordy mumewe akitengeneza injini ya gari la theluji gereji, na kwa mara ya kwanza kadi zile zikaanza kumsumbua kwa namna nyingine. Kwa miezi alikuwa akizikariri kama mtu anayekariri namba za simu za watu asiowajua. Sasa kila kadi ilikuwa na mtu nyuma yake. Usimuulize mwanamke kama anatarajia kuzaa: basi kuna mwanamke aliulizwa, akashika tumbo, akatoka. Usiache kuhesabu pensheni ya mzee: basi kuna mzee alirudishwa. Mtu hatungi sheria kwa jambo ambalo halijawahi kumtokea mtu. Kilichomshangaza, na alikisema kwa sauti jikoni mle bila msikilizaji, ni kwamba waliowafanyia hivyo labda hawakuwa watu wabaya. Labda nao walikuwa na kahawa mkononi.

Alilia kidogo, akafuta macho kwa kitambaa cha vyombo, akaendelea na kadi ya sitini na mbili.

Kituo cha mtihani kilikuwa mjini Green Bay, mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari. Walimkagua mifuko, wakamwambia aoneshe mikono hadi kwenye viwiko, wakamweka mbele ya kompyuta kati ya kijana aliyetaka kuwa muuguzi na bibi mmoja aliyekuja kwa mtihani wa udalali wa bima. Maswali mia moja na ishirini. Saa tatu na dakika kumi. Roho ilimpaa mpaka swali la kumi, kisha ikatulia.

Lile swali lilikuja. Alijua lingekuja. Safari hii lilikuwa limevaa nguo za mzee wa miaka sabini na mmoja anayetaka mkopo wa miaka thelathini. Arlys wa zamani aliamka ndani yake papo hapo, akiwa na huruma yake tele: mzee wa watu, miaka thelathini ya nini, mwambie achukue kumi na tano, au akae na mwanawe. Jibu hilo lilikuwepo pale, limeandikwa kwa lugha tamu. Arlys alilitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama swali lolote. Kisha akabonyeza lile lililosema kwamba maombi yapokelewe na kupimwa kama ya mtu mwingine yeyote.

Asilimia themanini na tatu. Karatasi ilitoka kwenye mashine ikiwa bado na joto.

Hakwenda nyumbani, wala kwa Wendell aliyekuwa amekaa ofisini roho juu. Aliendesha moja kwa moja hadi shuleni Pelkola, akaingia kwa mlango wa jikoni. Rosella alikuwa ameinama akisugua ndani ya sufuria kubwa la supu, mikono imezama hadi mabegani.

"Nimefaulu."

Rosella alijinyoosha. Alijifuta mikono kwenye aproni, mmoja, kisha wa pili, na kwa sekunde moja uso wake ukawa ule wa siku zote. "Ngapi?"

"Themanini na tatu."

"Hongera. Kweli, Arlys, hongera. Ungefeli tena ningekuua. Nimepoteza ngozi yangu yote kwa ule moto wako."

Wakacheka, na kicheko kilimpa Arlys wazimu. Maneno aliyokuwa ameyabeba njia nzima yakamtoka yote kwa pamoja. "Sikiliza. Leseni ya jimbo itatoka kabla ya mwisho wa mwezi. Ile nyumba ya manjano imekwenda, lakini kuna ya marehemu Hokkanen, ina vyumba viwili, haina ngazi, goti lako bovu litapona humo. Nimeshazipiga hesabu. Mshahara wako wa shule, na ile akiba ya..."

"Umeshanipigia hesabu."

"Njiani, kichwani. Ni makadirio tu, lakini..."

"Arlys." Rosella alisema jina hilo bila hasira. Alikuwa amechoka, ndivyo tu. "Mwaka ule uliniamulia kwamba siwezi. Leo umeniamulia kwamba naweza. Mimi zamu yangu ya kuamua ni lini?"

Bomba lilikuwa likidondosha maji ndani ya sufuria. Arlys alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, aibu halisi, ile ambayo miaka yote alidhani anawaepushia wengine. Hakuomba radhi, aliona kwamba radhi nayo ingekuwa maneno mengine ya kumjazia mwenzake mikononi. Alichukua kitambaa, akakausha sinia lililokuwa karibu, akalipachika mahali pake, akaenda zake.

Wendell aliondoka siku aliyosema. Alimwachia kiti kilichobonyea kwa umbo lake na ushauri mmoja, kwamba asimwazime mtu ngazi ya ofisi, haitarudi. Kampuni ilileta kibao chenye jina la Arlys na namba ndefu ya leseni chini yake. Kinyozi alikuja kukiona. Muuza chambo naye akaja, akasema namba ni ndefu kuliko ya mfungwa. Maombi ya kwanza yalikuwa ya wanandoa vijana waliofanya kazi hospitalini, ya pili ya fundi wa mabomba, na kila alipokuwa akiandika Arlys alijikuta akiubana ulimi kwa meno, kwa kuwa bado alijua kila kitu kuhusu kila mtu na kujua huko hakukuwa na dawa.

Katikati ya Aprili theluji ilianza kugeuka tope. Ilikuwa Jumatano, baada ya saa za chakula cha shule, mlango ulipofunguliwa na Rosella akaingia. Alikung'uta viatu. Alitazama kile kibao, akakisoma chote pamoja na namba, kisha akasimama mbele ya meza kama mteja yeyote, koti limefungwa hadi shingoni.

"Sijaja kwa jambo lolote," alisema. "Nimekuja kuuliza."

"Karibu."

Arlys aliyaona maneno yakimjia kwa makundi. Aliona miaka sitini na mmoja ya Rosella, aliona goti lake, aliona nyumba ya marehemu Hokkanen ambayo bado ilikuwa na kibao cha kuuzwa mbele, aliona hata mtu wa kurekebisha paa lake kwa bei nafuu. Aliona pia kwamba huenda rafiki yake alitaka kitu kingine kabisa, au hakutaka kitu. Akaiweka mikono yake juu ya meza, mmoja juu ya mwingine.

Rosella alitazama dirishani, akatazama tena meza. "Hiyo fomu yenu," alisema, "ina kurasa ngapi?"

"Tisa," alisema Arlys, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza neno.